Pengo la Uzio wa Ngitili

Kabula mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Nakusikia hapo jikoni unamcheka mama yako kwa kuunguza karanga za safari, naye anasema ni wewe uliyempigisha soga. Mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na zizi. Ng'ombe wameshaingia, jua limebaki kidogo, naandika haraka kabla giza halijaniwahi, maana macho yangu ya siku hizi unayajua.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako amekuambia kuhusu sweta, kuhusu kutoliacha begi mbali na miguu yako ndani ya basi, kuhusu kupiga simu ukifika Dodoma. Amekuambia tangu Jumatatu, na kesho atakuambia tena ukiwa umeshapanda gari. Nikiongeza na mimi hapo nitakuwa nakuonea.

Ninachotaka ni kujibu. Wiki iliyopita ulinifuata kule ngitilini, ukakaa na mimi kwenye nyasi, mwalimu mzima mwenye ajira yake, ukaniuliza: "Baba, wewe umeridhika? Yaani na maisha haya ya hapa?" Nikakujibu kwamba nimeshiba, mama yako alipika michembe. Ukacheka, lakini ulicheka kwa adabu tu. Njiani kurudi nyumbani nilijiona mpumbavu. Mtoto anakwenda kufundisha mwisho wa nchi, karibu na Msumbiji huko, anauliza swali la maana, na baba anamjibu kwa viazi vikavu.

Na lipo swali lako jingine, la zamani, ambalo nalo sikulijibu. Hilo litafika mahali pake.

Halafu kuna kesho asubuhi. Umemwambia mama yako hutaki kusindikizwa, kina mama wakija waambiwe umeshaondoka. Ulisema hivyo huku unakunja nguo, bila hasira, kama mtu anayesema hataki sukari kwenye chai. Mama yako akanifuata zizini akaniambia, "Mwanao amechukua kichwa chako kilekile. Ongea naye wewe, mimi nimechoka." Kuongea sijui, wewe mwenyewe unanijua. Nikikaa na mtu uso kwa uso maneno yananikimbia nabaki na mizaha. Ndiyo maana nimeomba karatasi.

Habari za sisi kutengwa na kijiji umezisikia kwa watu, wengine wanasimulia wakicheka kwa kuwa yamepita. Mama yako amekusimulia upande wake. Wangu hujausikia.

Mwaka ule ulikuwa darasa la tatu, na mimi nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa na maksai wenye nguvu kuliko wa mtu yeyote hapa Nkololo. Pamba yangu ya msimu uliotangulia ilikuwa imesifiwa mpaka mnadani. Nikakata shauri kwamba mwaka huo nalima shamba lote, halafu nafyeka na ngitili ya babu yako, nayo niigeuze pamba. Ile sehemu babu yako aliizungushia miiba miaka mingi, ng'ombe wasiikanyage wakati wa mvua ili kiangazi nyasi ziwepo, mimi niliiona ni ardhi iliyolala bure. Nilikuwa nalala nikiwaza kulima, naamka nikiwaza kulima. Kwenye misiba natuma unga, mwenyewe siendi. Yowe la mwano likipigwa usiku, wanaume wanatoka na fimbo kufuata ng'ombe walioibwa, mimi nageukia ukutani. Mama yako akinisema namjibu kwamba watu wa hapa wanapenda vikao kuliko kazi.

Mvua za kwanza zikanyesha, na siku hiyohiyo akafariki Bibi Holo, mama yake Maduhu jirani yetu, bibi yake rafiki yako Minza. Hapa kwetu siku ya kumzika mtu jembe haliingii ardhini. Hilo hata mtoto analijua. Mimi nikasema moyoni, udongo umelainika leo, kesho kutwa utakuwa umekauka, na Bibi Holo hana haraka tena. Nikafunga plau. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushika kamba mbele ya maksai, nikakuita wewe.

Najua unakumbuka kuliko mimi. Walipita na jeneza kwenye njia ya pembeni ya shamba letu, wanaume mbele, kina mama nyuma wanaimba. Ukasimama. Maksai nao wakasimama kwa sababu wewe umesimama. Ukageuka ukaniuliza, "Baba, tusubiri?" Nikakuambia, "Vuta, twende." Ukavuta. Tukaenda na mfuo wetu mpaka mwisho, plau inalia kwenye mawe, jeneza linapita. Maduhu alituangalia. Minza naye alikuwepo, ameshikwa mkono na mama yake, akakuangalia wewe.

Baada ya mazishi nikaitwa kikaoni. Wazee hata hawakuwa wakali. Waliniambia nitoe mbuzi, niwaombe radhi wafiwa, yaishe. Kabula, jambo lilikuwa dogo hivyo. Mimi nikasimama na kofia yangu kichwani nikawaambia wao wanalima kwa midomo, ndiyo maana kila mwaka wanalia njaa. Nikaondoka kikao hakijafungwa. Jioni uamuzi ukatufikia: nyumba yetu imetengwa. Hakuna kutusalimia, hakuna kutuazima kitu, hakuna kuja kwetu wala kutusaidia kazi, na atakayetusemesha atatozwa na yeye. Nilipoambiwa nilicheka. Nikamwambia mama yako, afadhali, sasa nitapata nafasi ya kulima.

Mama yako ndiye aliyeanza kuonja. Alifika kwenye mashine ya kusaga na ndoo yake ya mahindi, mwenye mashine akazima injini akakaa. Hakumtukana. Alikaa tu akiangalia pembeni mpaka mama yako akajitwisha ndoo akarudi. Toka siku hiyo akawa anapeleka mahindi Ngulyati kwa baiskeli. Kisimani alikwenda mchana jua likiwa kali, wenzake wakiwa wameshaondoka. Kigangoni tulikaa kwenye benchi letu peke yetu. Ilipofika kutakiana amani nilimpa mkono mama yako, mama yako akakupa wewe, ikaishia hapo.

Na wewe ulikuwa unatoka shule umenyamaza. Mwanzoni nilidhani umechoka. Siku moja nikakukuta nyuma ya kihenge unafinyanga ng'ombe wa udongo. Ulikuwa umewapanga wawili wawili, na mbele yao umesimamisha mtoto wa udongo na uzi wa katani mkononi. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, ni kwa sababu mimi nilivuta kamba?"

Nikakuambia nenda kafunge ndama.

Hilo ndilo swali lenyewe. Umekua, umesoma, umehitimu, umeajiriwa, na mimi bado sijalijibu. Nakujibu leo: hapana. Kamba uliishika wewe, plau ilikuwa yangu. Wewe ulisimama. Shambani pale siku ile alikuwepo mtu mmoja tu mwenye akili, na alikuwa darasa la tatu. Ulimtii baba yako, baba yako akakukosea. Nilitakiwa kukuambia palepale nyuma ya kihenge, na kupiga magoti kwenye udongo wako. Nilishindwa kwa sababu kukujibu kulikuwa ni kukubali, na mimi nilikuwa bado sijafika hapo. Nisamehe, mayu, mama yangu. Nakupenda sana, na hata hilo nadhani ni mara ya kwanza naliandika.

Nimesimama kidogo nikazunguka zizi. Sasa naendelea.

Ngitili haikufyekwa. Usidhani nilipata hekima. Kazi ile inataka watu, na mimi sikuwa na mtu. Hata pamba tulipalilia wawili, mimi na mama yako, magugu yakatushinda nusu ya shamba. Mwaka mwingine wangekuja vijana na ngoma yao, wangepalilia huku wanaimba na kurusha majembe, jioni wanakula, wanataniana, wanaondoka. Mwaka ule ngoma niliisikia kwenye shamba la Maduhu. Naacha jembe nasikiliza, halafu nakasirika kwamba nimesikiliza.

Nikaanza kwenda kukaa ngitilini. Mama yako namwambia nakwenda kukagua uzio. Ukweli ni kwamba sikuwa na mahali pengine pa kukaa bila mtu kuniinamishia macho.

Majuma ya kwanza nilikuwa nagombana. Peke yangu pale, tena kwa sauti. Niliwaita wale wazee mmoja mmoja, nikawahoji, nikawajibia mwenyewe, nikawashinda. Kesi zote nilishinda. Ungepita hapo ungesema baba kashapagawa. Halafu hoja zikaisha. Nilirudia za zamani, nazo zikachuja. Nikabaki na mtu mmoja ambaye nilikuwa sijawahi kukaa naye chini tangu nipate akili, na mwanzoni sikumpenda hata kidogo.

Nilikuwa najiita mchapakazi, kumbe mwoga. Nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe mwaka ule, tulipata mwaka wa njaa. Babu yako akaenda mpaka Zagayu kutafuta mtama. Tulimsubiri njiani, tukamwona anakuja na gunia limekunjwa kwapani. Halikuwa na kitu. Yeye alifika akatutania kama kawaida, akamwomba bibi yako maji, akakaa. Mimi nikaapa kwamba gunia langu halitakunjwa hivyo. Tangu siku hiyo nilikuwa nalikimbia lile gunia, hata wakati ambapo vihenge vimejaa mpaka juu. Kumbe wakati Bibi Holo anapita mbele yangu mimi nilikuwa naliona gunia tu. Kujua hivyo hakukunipa rafiki wala kunisaidia kupalilia, lakini usiku ule nililala vizuri.

Sijui kama chuoni wanafundisha jambo hili. Mtu ukikaa na nafsi yako kwa muda mrefu bila kujitetea, inafika mahali inaacha kukupigia kelele. Ndipo masikio yanapofunguka. Mimi nilianza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote. Nilizaliwa hapa, nimechunga hapa, lakini nilikuwa naangalia nyasi kwa jicho la mtu anayetaka kuzing'oa. Nikaanza kuona kwamba nyasi za chini ya mgunga zinabaki mbichi wakati za pembeni zimeshakauka. Nikaona mbawakavu anavyosukuma donge lake la mavi, linamponyoka, anarudi kulifuata, wala halaumu mtu. Nikajua upepo wa mvua unavyonukia kabla wingu halijaonekana. Kuna siku nilijikuta natabasamu peke yangu, nikashtuka, nikageuka kuangalia kama kuna aliyeniona.

Asubuhi moja nikamwona kwale ametoka kwenye nyasi na vifaranga vyake, vingi, vidogo sana, vinamfuata kwa mstari. Aliponiona akajilaza pembeni anaburuta bawa, anajifanya amevunjika ili nimfuate yeye niviache vifaranga. Nikamwacha anidanganye. Nilifurahi, Kabula, nilifurahi mpaka nikatoka mbio kurudi nyumbani kusimulia. Njiani nikakutana na Maduhu. Maduhu ninayemjua tangu tukiwa wachungaji wadogo, niliyekuwa nafukuza kwale pamoja naye. Nikafungua mdomo. Akainamisha macho akapita.

Habari ya kwale nikabaki nayo. Nilisimama pale njiani mtu mzima nikilia, na kilichoniliza ni ndege. Kuachwa kwenye mashine ya kusaga niliweza kustahimili. Kukosa mtu wa kumwambia nimeona kwale, hapo maji yalinifika shingoni. Nyumbani nilimsimulia mama yako, akasikiliza vizuri tu, lakini mama yako na ndege unamjua, aliniuliza kwa nini sikumkamata.

Kiangazi kikaja kikali. Malisho ya kijiji yakaisha mapema, ng'ombe wa watu wakaanza kuonyesha mbavu. Nyasi zilizosimama zilikuwa kwangu tu, kwenye ile ardhi niliyosema imelala bure. Siku moja nikiwa ngitilini nikamwona Maduhu upande wa pili wa uzio na ng'ombe wake. Kulikuwa na mmoja mwenye ndama mchanga, anayumba, anashikiliwa mkia na mtoto wa Maduhu ili asianguke. Maduhu aliziangalia nyasi, akaangalia chini. Asingeweza kuomba, kuniomba ni kunisemesha. Na mimi nikimsemesha namtia hatiani.

Nikachukua panga nikaondoa miiba, nikafungua pengo la kutosha ng'ombe mmoja. Halafu nikageuka nikaenda zangu, sikuangalia nyuma. Sikufanya vile kwa wema, usinisifu bure. Nilifanya kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa na kitu kizuri peke yangu.

Jioni nilikuta nyayo za ng'ombe ndani, na pengo limerudishiwa miiba vizuri kuliko nilivyoiweka mimi. Ikawa hivyo siku kadhaa. Nafungua, naondoka; anaingiza, anafunga. Mpaka asubuhi moja nimeshaanza kuondoka nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka."

Salamu ileile tunayosalimiana kila asubuhi mpaka hatuisikii tena. Nikasimama namwangalia. Maduhu akasema, "Itikia basi, nimeshatozwa." Nikaitikia. Halafu, badala ya kumwambia pole kwa mama yake, badala ya kuomba radhi, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia nimeona kwale na vifaranga. Akaniambia, "Wapi? Nionyeshe."

Radhi niliiomba baadaye, mbele ya watu wote, kofia mkononi, na nilitoa dume zima la ng'ombe. Lilichinjwa, likaliwa, wakanitania kwamba nyama yake ngumu kama mwenyewe. Kesho yake mama yako akaenda kwenye mashine. Injini ikawashwa kabla hajafika mlangoni, akaegemea ukuta akalia mpaka mahindi yakamwagika. Nikadhani yamekwisha.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na nimeligundua wiki hii. Mimi nilirudishwa. Wewe hakuna aliyekurudisha. Siku tunakula lile dume Minza alikuja kukuita mkacheze, ukajificha nyuma ya kihenge, na mimi nikasema watoto husahau. Ukawa mtoto wa vitabu. Walimu wakakusifu kwa utulivu, nami nikajivuna. Kumbe ulikuwa umejenga uzio wako na mimi nauona kila siku nauita bidii. Ule uzio nakubali ulikufaa. Ulikufikisha chuo. Ila sitaki uufunge na kuondoka nao kusini, ukafike huko uusimamishe upya kuzunguka nyumba ya mwalimu.

Kwa hiyo uliponiuliza kama nimeridhika. Ndiyo, mwanangu, nimeridhika. Pamba bado inanichezea, mgongo unauma, mwaka mwingine mvua inatufanyia visa. Lakini naamka nikiwa najijua, simkimbii mtu aliye ndani yangu. Nakwenda ngitilini naona kitu, hata kiwe kidogo. Halafu narudi, na njiani yupo mtu wa kumwambia. Siku zikikamilika hivyo natosheka. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki vinachacha, vyote nimevijaribu. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote na sikuisomea.

Huko unakokwenda sijui wana miti gani. Uliza majina, wenyeji hupenda kuulizwa majina ya miti yao, watakucheka matamshi na hapo mtakuwa mmeshaanza. Jioni zima simu ukae kidogo na wewe mwenyewe mpaka hoja ziishe. Na akifa mtu jirani, weka chaki chini uende, hata kama mitihani imekaribia. Basi, nimesema nisihubiri, naacha.

Jana nilikutana na Minza njiani, mwanawe mgongoni. Akaniuliza, "Baba, Kabula anaondoka saa ngapi?" Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ukweli, na nikamwambia pia kwamba hutaki kusindikizwa. Akamtingisha mtoto kidogo. Akasema, "Nitakuja hata asiponisemesha. Mimi sikumsemesha mwaka mzima, na yeye alikuja shule kila siku akakaa dawati moja na mimi." Halafu akaongeza, "Mama alinishika mkono, baba. Nilikuwa nataka kumkimbilia pale shambani." Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza kitu.

Alikuwa na miaka kama yako. Wewe ulishikishwa kamba, yeye alishikwa mkono. Wote wawili mlikuwa mnatumikia hasira za wakubwa. Lakini sikulazimishi. Mtu aliyekuambia "Vuta, twende" hana haki ya kukuvuta tena kokote.

Basi nimefanya hivi. Kabla sijakaa kuandika nilikwenda nyuma nikaondoa miiba kwenye uzio wa ngitili, palepale nilipomfungulia Maduhu. Ukitokea hapo unafuata mkwaju, unashuka hadi barabarani bila kuonana na mtu, na gari litakuwa linakusubiri. Mlango wa mbele nao utakuwa wazi. Kina mama watakuwepo, wataimba, wataharibu nywele zako kwa kukukumbatia, na Minza atakuwepo na michembe yake kwenye kitambaa. Njia zote mbili zinafika. Sanduku nitabeba mimi, popote utakapopita, na sitakuuliza neno.

Giza limeanza. Nampa mama yako hii akupe mkishakula, mimi nitajifanya nimelala.

Ukipita nyuma, naomba urudishie miiba, maana nyasi bado changa na ndama hawana adabu. Ukipita mbele, acha mlango wazi.

Baba yako,
Masunga